Kila nikiona "kama" naandika tashbihi, nakosea wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha 3, naishi Uyole hapa Mbeya. Kwenye jaribio la juzi kulikuwa na sentensi "Kama mvua ikinyesha hatutaenda shamba", mi nikaandika tashbihi maana ina "kama", nikakosa. Na sitiari nayo inanichanganya. Naomba unieleweshe.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Hauko peke yako, wengi wanaisaka "kama", wakiiona tu wanaandika tashbihi wanasonga mbele. Hiyo ya mvua ni ya sharti, yaani iwapo, haifananishi kitu chochote. "Ana miaka kama 15" hapo unakadiria tu. Hata "ni mrefu kama kaka yake" mi sikupi maksi, umewapima urefu watu wawili basi. Tashbihi inataka vitu viwili vya aina tofauti ivikutanishe kwa sifa moja. Asubuhi ya mwezi wa 7 hapo Uyole ukinawa maji ya bomba la nje, sema "maji yanachoma kama nyuki", maji na nyuki wapi na wapi, lakini aliyewahi kufa ganzi vidole kakuelewa hapohapo. Na sio lazima iwe "kama", kuna mithili ya, mfano wa, utadhani.

Sasa itoe hiyo "kama" useme "haya maji ni nyuki", tayari ni sitiari, yaani kitu unakiita kingine moja kwa moja. Ila "ni" nayo ina mtego uleule: "baba ni dereva", kama kweli anaendesha lori la Tunduma hiyo ni taarifa tu, lakini mama ambaye hajawahi kushika usukani na nyumba nzima inaenda anakotaka yeye, ukisema "mama ndo dereva wetu" hiyo ni sitiari safi, kwa hiyo soma habari yote kwanza usikimbilie neno moja.

Ukisema Mlima Loleza leo umejifunika shuka la ukungu haujataka kuamka, hiyo tashihisi, mlima umepewa tabia za mtu. Gunia la lumbesa kugusa mawingu ni mubalagha, chumvi tu.

Halafu kwenye mtihani usiishie kutaja jina, hapo ndo maksi zinapopotea na inaniuma sana kuona. Taja, nukuu sentensi yenyewe, kisha eleza inafanya nini: maji na nyuki vinafanana kwa kuchoma, kwa hiyo msomaji anaisikia ile baridi kama maumivu kabisa. Kesho ukienda shule tunga 3 za kwako njiani, ukungu wa huko unatosha.