Mahitaji Machache, Ulimi Huru

Wanaotushauri tuishi kwa kiasi hutaja akiba, afya na utulivu wa moyo. Sina ubishi nao. Mimi nina sababu nyingine, ambayo sisikii ikitajwa sana: mtu mwenye mahitaji machache ni mgumu kununuliwa na ni mgumu zaidi kunyamazishwa. Nimejifunza hilo Tanga, hapa Ngamiani, kwa kuangalia nani husimama kwenye mkutano wa mtaa na nani huinamisha kichwa.

Kuna mkutano mmoja sitausahau. Ajenda ilikuwa mtaro. Michango ilikusanywa nyumba kwa nyumba, mtaro ukachimbwa nusu, masika yakaingia na maji yakalala vyumbani mwa watu. Swali lilikuwa moja na kila mtu alilijua: pesa iliyobaki iko wapi? Jana yake barazani lilikuwa limeulizwa kwa sauti mpaka wapita njia wakageuka. Mkutanoni waliuliza wawili tu, mama muuza vitumbua na kijana fundi baiskeli. Wengine kimya. Ndipo nikaanza kutazama uso mmoja mmoja. Aliyeshika pesa za mtaro ndiye anayekopesha nusu ya mtaa. Huyu ana marejesho kwake kila Ijumaa. Yule amepangishwa fremu naye. Mwingine mwanawe amepewa kibarua kwa shemeji yake. Siwezi kuwaita waoga. Wanadaiwa, na anayedaiwa hupima kila neno.

Tangu hapo nikiona mkopo, naona na siasa ndani yake. Mitaani tunaiita kausha damu, mikopo ya haraka ambayo riba yake humfuata mtu mpaka kitandani, na sasa imehamia kwenye simu pia. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa namna hii humpigia mama mkwe wako, bosi wako na imamu wako kuwaambia hulipi. Mtu aliyekwisha kuaibishwa hivyo mbele ya jamaa zake, utamwambia asimame amhoji diwani?

Wazee wetu waliliona hili mapema, na walianzia kwa viongozi. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa na sehemu ya miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kama mtihani wa historia, tukakariri, tukasahau. Isome tena kama mpangaji. Anayeishi kwa kodi za nyumba zake atatunga vipi sheria ya kumlinda mpangaji? Mwaka 1991 kule Zanzibar chama tawala, CCM, kikailegeza miiko ile. Sisemi kila kitu cha miaka ile kilikuwa chema. Foleni za sukari na sabuni zipo bado katika kumbukumbu za wazazi wetu. Ila hoja kwamba mali ya mtu huongoza ulimi wake sijawahi kuona ikijibiwa vizuri.

Kwa upande wa wapiga kura tulipewa takrima. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, na haikuchukua muda ukarimu huo ukafika kwenye pilau, kanga na noti. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vile vinakwenda kinyume na Katiba. Sheria ikafutika, desturi ikabaki. Na ninaomba nieleweke hapa: mama asiye na unga ndani akipewa kilo mbili za sukari na mgombea, mimi sina neno naye. Lawama ni ya anayepita na sukari akijua mama hana unga. Ushauri wangu unamhusu mwenye mshahara, mwenye duka, mwenye bodaboda yake, yule ambaye sehemu ya mzigo wake ameubeba kwa hiari.

Basi huyo nitamwambia nilivyofanya mwenyewe. Chukua karatasi uandike majina ya watu ambao ukiwakatalia jambo leo, wanaweza kukuharibia mwezi. Bosi atakuwepo, mwenye nyumba pia. Hao huenda huna la kuwafanya. Ila utakuta na mwenye duka la samani uliyemchukulia kochi kwa mkopo, kijumbe wa mchezo wa pesa unaokulemea, jamaa uliyemwahidi mchango wa harusi kwa sababu kamati ilikuwa inakutazama. Anza na hao. Deni lenye sura ya mtu wa mtaani kwako lilipe kwanza, hata kama la benki lina riba kubwa kidogo. Mhasibu atanipinga, lakini benki haiji kwenye mkutano wa mtaa.

Kwenye michango ya harusi nina utaratibu ambao umeniokolea mahusiano mengi: siahidi. Nikipewa kadi, natoa kilichopo mkononi siku ileile, hata kikiwa kidogo, namtakia bwana harusi kheri, basi. Wenye kamati hununa siku mbili tatu, kisha huzoea. Kwa usafiri, Tanga ni mji wa baiskeli na ardhi yake ni tambarare. Yangu ni ya mtumba, mnyororo naupaka mafuta mwenyewe na ringi nanyooshewa na kijana yuleyule wa mkutano. Televisheni ipo, king'amuzi sijakilipia muda mrefu na nyumba haijaanguka.

Ukipunguza matumizi utabaki na saa za jioni mikononi, na hapo ndipo watu wengi hushindwa. Saa tupu huliwa na simu. Mtu anaacha kununua vitu, anaanza kununua bando, na bando lote linaishia kwenye makundi ya siasa ambako watu wasiofahamiana wanatukanana kuhusu mambo ambayo hakuna hata mmoja wao anaweza kuyabadilisha kabla ya kulala. Kwa hiyo tafuta kitu unachokipenda ambacho kinahitaji watu na hakihitaji pesa. Mimi nacheza bao.

Nacheza bao lenyewe la Kiswahili, la mashimo 32 na kete 64. Bao la kujifunza, lile la kuanza na kete mbili kila shimo, ni zuri kwa watoto. Hili kubwa kila mchezaji anaanza na kete kumi tu ubaoni, sita zikiwa kwenye nyumba, lile shimo lake kuu, na 22 zinabaki mkononi mwake. Unanamua, yaani unaziingiza ubaoni moja moja, ukimtazama mwenzako anavyopanga, ukiamua uile nyumba yake sasa au ungoje. Barazani kwetu tunatumia komwe, zile mbegu ngumu za kijivu ambazo kwa kushikwashikwa zimekuwa laini kama vioo. Mzee ninayecheza naye zaidi ana kadi ya CCM iliyorithi ya TANU. Mimi kura yangu kwa miaka mingi imekwenda upinzani. Namwamkia, ananiitikia, tunakaa goti kwa goti, na tunabishana kuhusu kila kitu, kuanzia bei ya mkonge hadi bandari. Lakini siku anapotaka kuniambia nimepotoka, ananiambia huku kete zake ziko mkononi na zamu ni yake. Lazima amalize kucheza, na lazima anisikilize nikicheza mimi. Mabishano ya namna hiyo hayamwachi mtu na chuki.

Thamani ya baraza lile niliijua vizuri tarehe 29 Oktoba 2025. Siku ya uchaguzi mkuu intaneti ilizimwa nchi nzima, na ilichukua siku kadhaa kurudi. Watu walipoteza maisha siku zile. Tuliokuwa na ndugu Dar es Salaam, Arusha na Mwanza tulikuwa tunapiga simu za kawaida mpaka zikipokelewa, kisha tunaletana habari barazani: fulani amepatikana, fulani bado. Makundi yote yale ya simu, yenye maelfu ya watu, hayakuwa na msaada wowote. Mzee wangu wa CCM ndiye aliyekuwa akiniuliza asubuhi na jioni kama mdogo wangu wa Dar amepiga. Bao lilikuwa limefunikwa, hakuna aliyekuwa na moyo wa kucheza.

Nimesikia watu wakisema baada ya yale yote wamejiweka mbali na siasa kabisa. Nawaelewa, na simsukumi mtu mwenye msiba. Ila siasa ya mtaa usiiache, kwa sababu haitakuacha. Kijijini sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana nafasi yake pale, awe na chama asiwe nacho. Mjini nako tuna mikutano ya mtaa. Nenda. Kabla ya kwenda, pita ofisi ya mtendaji usome taarifa ya mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo. Kama haipo ubaoni, hilo ndilo swali lako la kwanza.

Swali lako liwe fupi na liwe na tarakimu. Ukiuliza "mbona maendeleo hayaji?" utajibiwa hotuba. Uliza kuhusu asilimia 10. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka uliofuata. Uliza ni vikundi vingapi vya mtaa wenu vimepata, na majina yake yasomwe. Yule fundi baiskeli na wenzake wameunda kikundi chao na wanasubiri. Kila kijana anayepata mkopo ule ni kijana mmoja asiyekwenda kwa mkopeshaji wa mtaro.

Majina ya vikundi hayajasomwa kwetu bado. Mama wa vitumbua ameuliza, mimi nimeuliza, na mzee wa bao amesema mkutano ujao anauliza yeye.