Kabla hujanunua pikapu mpya za gitaa lako la besi

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa kwaya yetu alinifuata baada ya mazoezi. “Kaka, nimepata hela kidogo, nataka kununua pikapu mpya. Besi yangu inalia kama debe.” Alimaanisha vile vinasa-sauti vya sumaku vinavyokaa chini ya nyuzi za gitaa la besi. Nikaipokea besi yake, nikaipiga kidogo. Nyuzi zilikuwa nyeusi, hazijaguswa tangu gitaa linunuliwe. Uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ulikuwa umenyanyuka mno, pale freti ya 12 (freti ni vile vichuma vilivyokatiza shingo) nusura penseli ipite chini yake. Pikapu zenyewe zilikuwa zimezama ndani ya mbao, mbali kabisa na nyuzi. Nikamwambia, mdogo wangu, hiyo hela iweke kwanza, tuanze na bisibisi.

Namwelewa, kwa sababu nami nilipita hukohuko. Besi yangu ya kwanza, ambayo ninayo hadi leo, ni nakala ya bei nafuu ya Jazz Bass, lile umbo ambalo kampuni ya magitaa ya Fender waliitoa mwaka 1960. Ina pikapu mbili nyembamba, vitufe viwili vya sauti na kimoja cha toni. Nimeibadilisha karibu kila kitu isipokuwa mbao. Kama ningeanza upya leo, ningefuata mpangilio tofauti kabisa.

Anza na nyuzi mpya. Seti ya kawaida ya nyuzi nne ina unene wa kuanzia 45 hadi 105 (elfu za inchi), na besi nyingi za wanaoanza zimetengenezwa kwa unene huo. Najua seti moja ni ghali, na sote tumewahi kuchemsha nyuzi za zamani kwenye sufuria ili zirudishe mlio. Inasaidia kwa siku chache, mradi uzikaushe vizuri, maana kwa joto na chumvi ya hewa ya Dar kutu haichelewi. Lakini usiihukumu pikapu kwa nyuzi zilizochemshwa.

Kisha tazama shingo. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, halafu angalia katikati, freti ya 7 au ya 8. Panatakiwa pabaki nafasi ndogo, kama unene wa kadi ya biashara. Ikizidi, kaza chuma cha ndani ya shingo kwa robo mzunguko tu, tyuni tena, subiri, pima tena. Ikigoma, usilazimishe, mpelekee fundi. Baada ya hapo shusha nyuzi kwenye daraja, kile chuma kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Mimi napenda uzi wa E uwe kama milimita 2.5 juu ya freti ya 12, na wa G, ule mwembamba, kama 2. Ukimaliza, linganisha sauti ya freti ya 12 ukiibonyeza na ile ya kugusa uzi juujuu mahali palepale. Ikiwa ya kubonyeza iko juu zaidi, rudisha nyuma kile kichuma kinachobeba uzi. Ikiwa iko chini, kisogeze kuelekea shingo.

Mwisho, pandisha pikapu. Bonyeza freti ya mwisho, zungusha skrubu za pikapu mpaka pabaki milimita 2 au 3 kati yake na uzi. Kwa besi ya yule kijana, hatua hii moja ndiyo iliyomfanya anitazame kwa mshangao. Pikapu ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, kazi yake ni kunasa mtetemo wa chuma kilicho juu yake. Ukiiweka mbali itanasa kidogo. Usiisogeze karibu kupita kiasi pia, kwa sababu sumaku itauvuta uzi na noti zitayumba.

Baada ya hayo yote, kama bado kuna kitu hukipendi, ndipo tuzungumze kuhusu kununua.

Mimi ningeanza na tundu la waya, pale unapochomeka waya wa amplifaya. Sehemu kubwa ya kelele za kukatakata ninazokutana nazo makanisani zinatoka kwenye tundu lililolegea au waya mbovu, wala haihusiani na pikapu. Tundu zuri la chuma ni bei ndogo kuliko kitu kingine chochote kwenye gitaa. Funguo za kukazia nyuzi zinaweza kusubiri: kaza skrubu zake, zungusha uzi mara mbili au tatu ukishuka chini kwenye nguzo, na mara nyingi gitaa litaacha kupoteza tyuni. Kile kipande cha plastiki chenye mikato pale shingo inapokutana na kichwa kinagusa sauti ya nyuzi zilizo wazi peke yake. Changu nilikichonga kwa mfupa wa ng'ombe, nikautoa mafuta kwa kuuchemsha na kuuanika, kisha tupa ndogo na jioni mbili za subira.

Daraja ndilo lililonifundisha adabu. Nilinunua zito, zuri, linang'aa. Kabla ya kununua nilipima umbali kati ya nyuzi, milimita 19, na mpangilio wa matundu matano ya skrubu, vikalingana. Nikalifunga Jumamosi usiku. Jumapili asubuhi, nilipochomeka tu, spika zikaanza kuunguruma, mmm, mfululizo, mpaka mchungaji akageuka. Nilizoea kwamba nikishika nyuzi mngurumo unapungua. Safari hii nikishika nyuzi hakuna badiliko, ila nikigusa chuma cha tundu la waya unapungua. Hapo ndipo nilipokumbuka: chini ya daraja la zamani kulikuwa na waya mwembamba wa eathi uliochungulia kutoka kwenye mbao. Nilipofunga jipya niliusukuma ndani ya tundu lake, ukawa haugusi chuma. Fungua daraja, kwangua ncha ya waya mpaka shaba ing'ae, itandaze juu ya mbao, kisha kaza daraja juu yake. Hiyo ndiyo kazi yote, ila ukiisahau utalaumu kila kitu kingine.

Na hapa niseme jambo zito. Waya huo unaunganisha mkono wako na amplifaya. Kama soketi ya ukumbi haina eathi ya kweli na amplifaya ina hitilafu, ukigusa maikrofoni kwa midomo huku umeshika nyuzi unaweza kupigwa shoti mbaya. Mwite fundi umeme apime soketi. Usikate eathi ya plagi ili kuondoa mngurumo, kamwe.

Sasa pikapu. Za Jazz Bass nunua mbili kwa pamoja, seti moja. Waya zake huzungushwa kwa kupishana ili ukifungua sauti ya zote mbili sawasawa mngurumo wa umeme ufutane. Ukinunua moja na kuichanganya na ya zamani, huenda zikapingana: ukifungua sauti ya zote mbili, mlio unakuwa mwembamba, uzito wote unapotea. Dawa ni kubadilishana nyaya mbili za pikapu moja, lakini inatisha kama hujui. Na pima! Kwenye seti ya kawaida pikapu ya upande wa daraja ni ndefu kuliko ya upande wa shingo kwa milimita mbili tatu. Kwenye besi yangu zote mbili zilikuwa na urefu mmoja, ule mfupi. Nilikaa na pikapu mpya mkononi, haiingii, mpaka seremala wa jirani akanipanulia nafasi kwa patasi. Kama besi yako ni ya umbo la Precision, lile jingine la Fender lenye pikapu ya nusu mbili, hapo una bahati, kwa kawaida zinaingia bila ugomvi.

Badilisha na vitufe wakati umeshafungua. Pikapu za aina hii hupendelea poti (vile vipande vinavyozungushwa chini ya vitufe) za kilo-omu 250, pamoja na kapasita ya nanofaradi 47. Kwa fundi redio ulizia yenye maandishi 473. Poti nzuri mara nyingi ni nene kuliko tundu la kwenye bamba, kwa hiyo uwe na tupa ya mviringo. Pasi ya kuchomea risasi iwe na wati 40 au zaidi. Yangu ya wati 25 haikuweza kupasha mgongo wa poti, risasi ikakaa juu kama tone la nta, na baada ya mwezi waya ukachomoka. Kwangua mgongo wa poti kwa msasa kwanza, pasha chuma chenyewe, ndipo uguse risasi. Piga picha kabla ya kukata waya wowote.

Yule kijana bado hajanunua pikapu. Ametumia hela kwa nyuzi na tundu jipya, na Jumapili iliyopita alipoipiga noti ya E ya chini kwenye wimbo wa kutoa sadaka, mpiga ngoma aliinua kichwa. Pikapu zake za zamani tumeziacha palepale. Akitaka kuzibadilisha mwakani, rula ninayo.