Kutoa barua gerezani kwa siri: je, mbebaji naye ana kosa?

SWALI: Kaka yangu ni mahabusu. Nilipomtembelea alinitia karatasi mkononi askari alipogeuka, nimfikishie mkewe. Nimeisoma, ni habari za watoto na ada tu. Bado ninayo. Rafiki ananiambia kosa ni la kaka peke yake. Ni kweli?

JIBU: Pole kwa yaliyowapata. Rafiki yako amekosea. Huenda nawe umeshatenda kosa, hata kama barua haina neno baya. Sheria nyingi za magereza hutazama kwanza njia iliyopita barua: inatakiwa ipitie kwa uongozi wa gereza, na kuikwepa njia hiyo ndilo kosa lenyewe.

Uzito wake hutofautiana. Ufaransa, kifungu cha 434-35 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa hata anayepokea barua kwa mfungwa na kuifikisha nje ya utaratibu: kifungo hadi mwaka 1 na faini hadi yuro 15,000. Ujerumani, kitendo hichohicho huishia kwenye faini bila kuitwa jinai. Kinachokuhusu wewe ni sheria ya nchi lilipo gereza.

Hatari kubwa imo ndani ya barua. Mstari mmoja kama "mwambie fulani asije mahakamani" au "ile simu itupeni" hugeuza jambo kuwa kuingilia shahidi, kuharibu ushahidi au kula njama. Asiyeisoma anaweza kujitetea kwamba hakujua, ingawa ataulizwa mbona aliificha. Wewe umeisoma. Kwa hiyo nakusihi uipitie tena: je, kuna jina la shahidi, au agizo lolote linalogusa kesi?

Usimpelekee shemeji yako. Usiichane wala kuichoma, maana kuiharibu kunaweza kuzaa kosa la pili. Mwone wakili leo, mweleze yote, na usitoe maelezo polisi kabla hujamwona.

Kaka yako ana haki ya kuandika nyumbani. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, kanuni ya 58, zinamruhusu kuwasiliana na familia kwa barua chini ya uangalizi. Habari za ada zingepita hata zikisomwa na askari. Kanuni ya 61 inalinda usiri wa mazungumzo yake na wakili, ila wakili huyo msimfanye tarishi wa barua za nyumbani. Usiri ule ni wa ushauri wa kisheria.