Kabla Hujawasha Kamera Darasani

Nafundisha Kiswahili kwa wanafunzi wa ualimu katika chuo kikuu kimoja hapa Kampala, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikirekodi masomo yao ya majaribio. Kila mmoja hupewa dakika kumi mbele ya wenzake, halafu tunakaa kuitazama video. Sijaona kitu kinachomfunza mwalimu mtarajiwa upesi kama kujiona. Anagundua kwamba muda wote alikuwa akizungumza na ubao, kwamba mkono mmoja haukutoka mfukoni, kwamba aliuliza swali akalijibu mwenyewe. Kamera siikatai hata kidogo. Ninachoandika hapa kinatokana na binti mmoja niliyemkosea.

Alikuwa anafundisha uandishi wa barua. Lugha yake ya kwanza ni Luganda, na katika Luganda sauti ya r hutokea baada ya e na i. Kwingine ni l. Akiwa ametulia hutamka vizuri kabisa. Siku hiyo hofu ilimshika, na kila alipofika kwenye neno lenyewe la somo alisema "balua". Nilirekodi kwa simu yangu, nikaitupia video kwenye kundi la WhatsApp la darasa ili wenzake waandike maoni. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Kufika Jumatatu, mtu alikuwa amekata kipande kifupi na kukisambaza hosteli, na watu wasiomjua wakawa wanamwita Balua. Akaacha kunyoosha mkono darasani. Alipokuja ofisini kwangu alisema, "Mwalimu, ningekataaje? Wewe ndiye unayenipa alama."

Nilikuwa nimeuliza darasa zima kwa mkupuo, "Kuna mwenye tatizo nikirekodi?" Wakanyamaza, nami nikaihesabu ile kimya kuwa ruhusa. Ndugu mhadhiri, ukiwa wewe ndiye mwenye kalamu ya alama, kimya cha mwanafunzi hakina maana hiyo.

Siku hizi naanza wiki ya kwanza ya muhula na karatasi ndogo. Mwanafunzi anachagua: video yake itazamwe na darasa, itazamwe na sisi wawili tu, au asirekodiwe kabisa. Karatasi haina nafasi ya kuandika sababu, na sababu siiulizi. Asiyerekodiwa hapungukiwi alama. Wenzake wawili wanakaa nyuma na daftari, wanaandika walichokiona, na tunazungumza kutokana na hayo. Anaweza pia kubadili mawazo katikati ya muhula.

Hilo la kutouliza sababu nalisisitiza. Tuna wanafunzi kutoka Kongo waliokuja Uganda kama wakimbizi, na Kiswahili chao mara nyingi ndicho kinachochangamsha darasa. Mmoja alichagua kutorekodiwa. Miezi mingi baadaye, kwa hiari yake, alinieleza kwamba kuna watu nyumbani ambao hataki wajue yuko wapi. Video ya dakika kumi ingetosha kuwaambia: uso, jina lililotajwa na mwenzake, nembo ya chuo ukutani. Kama ningemlazimisha ajieleze wiki ya kwanza, nadhani angeniambia uongo, au angehama kozi.

Sheria nayo ipo. Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, pamoja na kanuni zake za 2021, inataka mtu aelezwe taarifa zake zinachukuliwa kwa nini kabla hazijachukuliwa. Uso na sauti ya mwanafunzi ni taarifa zake. Ukiwapeleka wanafunzi wako kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule za sekondari, hapo ndipo pa kuwa macho zaidi, kwa sababu waliokaa kwenye madawati ni watoto, na kwa mtoto kinachohitajika ni idhini ya mzazi au mlezi. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waweke simu nyuma ya darasa, imwelekee mwalimu, watoto waonekane visogo tu. Hata hivyo waanze kwa mwalimu mkuu.

Kwenye ukumbi wa mihadhara kazi ni nyepesi. Elekeza kamera ubaoni, uwatangazie kwamba unarekodi, na utenge upande mmoja wa viti ambao kamera haifiki. Maswali yakianza, simamisha. Kipaza sauti cha kubana kwenye kola husikia kuliko unavyodhani. Kimewahi kunasa wanafunzi wangu wawili wa mbele wakinong'onezana kuhusu karo ambayo mmoja alikuwa hajamaliza kulipa. Niliifuta sehemu hiyo kabla ya mtu mwingine kuisikia.

Simu yenyewe iangalie. Kama imewekwa kupandisha picha mtandaoni yenyewe, video ya mwanafunzi itakuwa imefika huko kabla hujatoka darasani. Zima kwanza. Usitumie makundi ya WhatsApp kwa video hizi, maana hata ukifuta kwa wote, nakala zilizokwisha kutumwa kwingine huzifikii. Ukiiweka Google Drive, taja kwa majina wanaoruhusiwa kuifungua, usiache kiungo ambacho yeyote akikipata anaingia.

Nami huwatajia tarehe ya kufuta tangu mwanzo. Ikifika, namwita kiongozi wa darasa, tunafuta kwenye simu, kwenye kompyuta, kisha tunaingia kwenye kapu la taka la Drive na kulimwaga, kwa sababu faili hukaa humo siku 30 zaidi. Yule binti aliniomba awepo siku ya kufuta ya muhula wake. Alikaa kando yangu, akabonyeza mwenyewe.