Usingoje barua ya kustaafu: kaseti za baba na maandishi yaliyonishinda

Ndugu yetu ameuliza tutazijaza vipi siku baada ya kustaafu. Anasema amebakiza mwaka mmoja, anapenda muziki na vitabu, lakini anachelea asije akawa mtu wa kukaa barazani kuhesabu wapita njia. Assalaam aleikum, ndugu yangu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Lamu, mtaa wa Langoni, na mwakani nikijaaliwa nitatimiza miaka 60, umri wa kuondokea kwa watumishi wa serikali Kenya tangu ulipopandishwa kutoka 55 mwaka 2009. Kwa hiyo swali lako ni langu pia.

Ya pesa wenzangu wamekujibu vizuri, naongeza moja tu. Pensheni yetu ya ule mpango wa zamani hupigwa kwa miezi uliyotumikia, kila mwezi na sehemu yake ya 1/480 ya mshahara, basi karatasi ikipotea, miezi inapotea nayo. Barua yangu ya kuajiriwa haikuonekana kwenye faili ofisini. Iliniponya nakala ambayo mke wangu aliitia sandukuni pamoja na vyeti vya watoto. Katoe nakala za barua zako wiki hii.

Sasa muziki na vitabu, na hapa naomba univumilie kwa sababu nitaanzia mbali kidogo.

Marehemu baba yangu alikuwa baharia wa majahazi ya boriti. Kusi likivuma walipakia boriti za mikoko wakapanda nazo kaskazini mpaka Uarabuni, wakarudi na upepo wa kaskazi wakiwa na tende na mazulia. Mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku boriti kuuzwa nje ya nchi. Baba hakupewa barua wala kiinua mgongo. Msimu ulifika, na safari haikuwapo. Nilikuwa kijana wa shule wakati ule, nikamwona mwanamume mzima anaamka alfajiri, anaswali, anashuka mpaka gatini, anaangalia maji, anarudi nyumbani. Alifanya hivyo miezi mingi.

Kilichomtoa pale ni kibangala. Kwa wasiokijua, ni chombo cha nyuzi mfano wa udi mdogo, kinachongwa katika pande moja la mti na tumbo lake huwambwa ngozi. Chake kilikuwa kikining'inia ukutani miaka yote ile ya bahari. Akakishusha, akakitia nyuzi mpya, na jioni wenzake wakawa wanakuja darini kwetu. Alikuwa pia na redio ya kaseti aliyoileta kutoka safari zake, akaanza kurekodi kila kitu: samra za darini, yaani mikesha ya nyimbo, maulidi, harusi, mwimbaji Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu hii hii, akipiga udi redioni. Kaseti 31, zimepangwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukuta wa chumba cha ndani, kila moja na kadi yake aliyoiandika kwa mkono.

Nami nikajiambia: nikistaafu nitakaa naye, anisimulie moja moja, nani anaimba, ilikuwa nyumba ya nani, nani alitunga. Niliyasema hayo nikiwa na miaka 40, nikayasema nikiwa na 50. Baba alifariki nikiwa na 51. Miaka tisa kabla ya ile siku niliyomwekea. Sina la kumlaumu mtu, wala kazi haikunizuia hivyo. Likizo zilikuwapo, tena ndefu. Niliiweka shughuli hiyo mbele kama mtu anayeweka akiba, nikasahau kwamba mwenye mali ni yeye.

Shaaban Robert, ambaye nimemsomesha kwa zaidi ya miaka 30, aliandika habari za maisha yake na za baada ya miaka hamsini. Alizaliwa 1909, akafa 1962, na miaka 53. Tarehe hizo nimeziandika ubaoni mara ngapi sijui, na sikuwahi kupiga hesabu ile kwa upande wangu mpaka tuliporudi kutoka makaburini.

Mwaka jana ndipo nilipozishusha kaseti. Chumvi ya huku haina huruma: skrubu zimeshika kutu, nyingine zimeota ukungu mweupe pembeni mwa utepe, na kile kijipande cha sufi kinachobana utepe kimebanduka karibu katika zote. Nimejifunza kukibandika upya kwa gundi kidogo ya ncha ya njiti, kuzungusha utepe kwa penseli taratibu kabla ya kuuchezesha, na kusafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti kila baada ya kaseti moja. Kisha nachomeka waya, simu inarekodi. Kazi hii inataka utulivu, na nakuambia kweli, saa tatu hupita sijui zimepitia wapi.

Lakini kadi zilinishinda. Baba aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wote wa huku, kama alivyoandika Muhammad Kijuma wetu, aliyekuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchongaji wa milango, na mpigaji kibangala vilevile. Herufi nazijua, chuoni kwa mwalimu wa Kurani nilichapwa kwa ajili yake. Tatizo ni kwamba katika maandishi yale ya zamani herufi ya *be* ndiyo hiyo hiyo ya b, ya p na ya mb, na irabu baba hakuzitia. Mwenye kuyasoma anatakiwa alijue neno kabla hajalisoma. Mwalimu wa Kiswahili mzima, nimesahihisha mitihani ya taifa, na kadi ya baba yangu mzazi siwezi kuisoma. Niliona uchungu ambao sijui kuueleza.

Nikampelekea mama. Ana miaka 82, mato yake (macho), kama asemavyo mwenyewe, yamechoka, lakini alivaa miwani akaiweka kadi karibu na dirisha. Mimi nilikuwa nimesoma "kubaba", nikadhani ni jina la mtu.

"Kupamba, mwanangu," akasema. "Usiku wa kupamba dadako."

Akanisimulia usiku ule wa harusi. Baba alitoa redio yake ikapandishwa juu kwa wanawake, mwenyewe akabaki chini dakani, ukumbi wa mlangoni, na wanaume, na shangazi ndiye aliyebonyeza kitufe. Tukaiweka. Zikaja pembe za vugo, ngoma ya wanawake ya harusi, vigelegele, mtoto analia, mtu anauliza udi wa kufukiza uko wapi. Kisha sauti ya mwanamke inaongoza wimbo, nyembamba na imenyooka. Mama akatua miwani. Alikuwa ni yeye. Aliitikia kibwagizo pamoja nao, kwa sauti aliyo nayo sasa, mpaka upande wa kwanza ukaisha, na mimi sikuthubutu kuzima simu.

Tangu siku hiyo tuna mpango. Jumamosi asubuhi nakwenda na mahamri, yeye anasoma kadi, mimi naandika daftarini kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi. Na tumeingia pengine ambapo sikupatarajia. Nyumbani kwetu, tukivunja jungu mwisho wa mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani, chakula kikisha huondolewa, kahawa ikaletwa, na mama akasoma utendi wa Mwana Kupona kwa ile sauti ya kuvuta, kwa ghibu, bila kitabu. Sisi wanaume tuliuchukua kama desturi ya usiku ule tu. Sasa namuuliza beti kwa beti. Mwana Kupona aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kumwusia binti yake Mwana Hashima, na mama aliupokea kwa mamake hivyo hivyo, mdomo kwa sikio. Beti zake zinatofautiana na kitabu ninachosomeshea katika maneno kadhaa. Zamani ningesema amekosea. Siku hizi naandika alivyosema yeye, na cha kitabu nakiweka pembeni.

Binti yangu yuko Mombasa. Nilimtumia sauti ya bibi yake akisoma beti kumi za mwanzo, akanipigia usiku ananiuliza maana ya maneno mawili ya Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu. Nilimjibu moja. La pili nilimwambia ampigie bibi yake mwenyewe, akampigia, wakakaa kwenye simu karibu saa nzima.

Kwa hiyo, ndugu yangu, umeuliza ununue vitabu gani na vyombo gani vya muziki kwa ajili ya mwakani. Vitabu utavipata, na ule utenzi wa kale wa Al-Inkishafi uusome polepole, hasa pale mtungaji anapoziona zidaka za majumba ya mji wa Pate, zilizowekwa sahani za kauri, zimekuwa viota vya ndege. Ila umetaja kwa kupita tu kwamba mjomba wako wa Malindi alikuwa mwimbaji wa kasida na bado yu hai. Nimelirudia neno hilo mara tatu. Nauli ya kwenda Malindi ni ndogo kuliko spika unayoiulizia bei. Nenda na simu iliyojaa chaji, na kabla ya kumuuliza lolote mwache aimbe.

Nimefika kaseti ya 14. Ya 15 utepe umekatika, nimeuunga jana kwa kipande chembamba cha selotepu upande wa nyuma, na sijaijaribu. Kadi yake ina maneno matatu. Nadhani safari hii nimeyasoma mwenyewe, nimeyaandika kwenye karatasi nikaikunja, imo mfukoni. Jumamosi nitamwachia mama asome kwanza.