Nimebadili shokapu na boljointi, gari bado inagonga mbele

SWALI: Shikamoo fundi. Natumia Toyota IST ya 2004, naishi Goba ndani ndani huku kwenye barabara ya vumbi. Miezi mitatu sasa gari inagonga mbele kushoto, ko-ko-ko, kama mtu anapiga bati na nyundo ndogo. Fundi wa kwanza akasema shokapu, nikanunua mbili, kelele ikabaki palepale. Wa pili akabadilisha boljointi (kile kiungo kinachoshika tairi kwa chini), siku mbili kimya alafu ikarudi, na huyu wa tatu anataka ninunue raki nzima ya usukani. Hela imeisha kwakweli. Kinachonishangaza, nikipita kwenye matuta ya lami haigongi kabisa, ila nikiingia tu kwenye vishimo vidogo inaanza. Nifanyeje?
Msomaji, Goba, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, na pole sana. Raki, ile mashine ya kugeuza tairi, usinunue kwanza. Jibu karibu lote umelitoa mwenyewe pale mwisho, inaniuma kuona mafundi watatu wameshika gari na inavyoonekana hakuna aliyekuuliza inagonga ukiwa unapita wapi.

Iko hivi. Chini huko mbele kuna chuma kirefu kinaitwa stabilaiza, kimeunganisha upande wa kulia na wa kushoto ili gari isilale sana kwenye kona, na kila ncha yake imeshikwa na linki, kichuma kifupi chenye vibolu juu na chini, yaani viungo vidogo vya duara vinavyocheza. Sasa ukipanda tuta la lami umenyooka, tairi zote mbili zinapanda pamoja, stabilaiza inajizungusha tu kwenye bushi zake, zile raba zinazoishika, na linki hazipati kazi kubwa. Ukiingia kwenye kishimo tairi moja linazama lingine limebaki juu, hapo linki inavutwa na kusukumwa haraka haraka, na kama kibolu kimelegea ndo hiyo ko-ko-ko yako. Jaribu tuta lilelile ila lipande kimshazari, taratibu, sehemu isiyo na magari. Ikigonga, mimi macho yangu yote yako kwenye linki, alafu zile bushi mbili za stabilaiza.

Kwanini hawakuiona? Wengi wananyanyua upande mmoja na jeki, wanatikisa tairi, wanasema linki nzima. Ukinyanyua upande mmoja tu stabilaiza inajikunja na kuikaza linki, kwahiyo hata iliyokufa haichezi hapo. Ichekiwe tairi zikiwa chini. Kata usukani mpaka mwisho upate nafasi ya mkono, zima gari, vuta handibreki, shika linki uitikise kwa nguvu, mbovu utaisikia kwenye kiganja kabla ya sikio. Na usicheki kushoto peke yake, chuma kinasafirisha sauti, nimeshaona linki ya kulia inamchanganya mtu anasema kushoto.

Ukitaka uhakika bila kununua kitu, mwambie fundi afungue linki zote mbili, azifunge pembeni na waya zisiguse kitu, muendeshe kidogo kwenye vishimo vilevile. Kelele ikipotea umempata mwizi. Ila mwende polepole maana gari italala sana kwenye kona, na usiiache hivyo.

Zile siku mbili za kimya nadhani ni kwasababu wakati wa kubadili boljointi vitu vya jirani viliguswa na kukazwa, vikalegea tena.

Kama linki ni nzima, usiishie hapo. Shokapu zako ni mpya, kwahiyo nati ya juu kabisa ya shokapu ichekiwe, ikiachwa bila kukazwa vizuri inagonga hivihivi. Fungua boneti, weka kiganja juu ya maunti, yaani kile kikalio cha juu cha shokapu, wakati mwenzio anakata usukani, ikiruka au kushtuka utaisikia. Pia ukiwa kwenye vishimo gusa breki kidogo tu, kelele ikikata ghafla basi ni pedi au pini za kalipa, kile kinachobana pedi za breki. Na toa jeki na spana za kwenye buti kabla ya yote, maana nazo zinagonga, usidharau hilo.

Boljointi iliyobadilishwa nayo irudiwe kukaguliwa, boliti na kotapini yake, kile kipini kinachozuia nati isifunguke. Hiyo sio ya kuvumilia hata siku moja maana ikichomoka tairi linalala na usukani hauna kazi tena. Linki iliyolegea inakera tu, boljointi mbovu inaua.

Na zile shokapu za zamani, kama bado ziko kwa fundi, zifuate. Zikiwa hazivuji oili na gari haikuwa inadunda dunda, inawezekana hazikuwa na kosa lolote.