Shemegi Aliyenidhulumu Amepatwa na Kiharusi: Nimhurumie, au Nimwachie Mungu?

«Shikamoo Bibi. Mimi ni mjane, nakaa Mwanakwerekwe, na tangu utotoni nasali katika Kanisa la Anglikana. Marehemu mume wangu alikuwa seremala. Arobaini yake haijafika, mdogo wake alikuja na gari, akabeba mashine ya randa, msumeno wa umeme na mbao zote, akaviuza, akisema ni mali ya ukoo wao. Nina watoto watatu, na mkubwa aliacha skuli ili anisaidie kuuza mboga. Nilimlilia Mungu amhukumu. Sasa shemegi amepatwa na kiharusi, na mke wake ameniomba msaada. Nilikwenda, nikaishia mlangoni: jirani yao Mwislamu alikuwa akimlisha uji kwa kijiko, maana mkono wa kulia haunyanyuki. Moyo wangu ukafurahi, nikarudi bila kuingia. Mwenzangu wa kanisani ameniambia kwamba asiyeona huruma atahukumiwa bila huruma, na tangu siku hiyo siisogelei Meza ya Bwana kupokea ushirika. Je, nikimnyima nitahukumiwa? Na nikimsamehe, haki ya wanangu ndiyo imekwisha?»

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa yaliyokufuata baada ya msiba.

Maneno aliyokuambia mwenzako yamo katika waraka wa Yakobo, sura ya 2, aya ya 13, ila aliyakatia njiani, kwa sababu aya hiyo inamalizika kwa kusema kwamba huruma hujitukuza juu ya hukumu. Tena ukizisoma aya za mwanzo wa sura hiyo utaona Yakobo alikuwa akiwakemea watu gani: ni wale waliompa tajiri mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri pa kukaa, na maskini wakamwambia asimame kule. Sura inayotangulia inafungwa kwa kusema kwamba dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Kwa hiyo Yakobo ni wakili wako kabla hajawa mshitaki wako, na anayetaka kukutisha kwa waraka huo angeanza kwa kujiuliza kanisa lilikuwa wapi siku mashine zilipokuwa zikipakiwa garini.

Hata hivyo, onyo hilo linakuhusu wewe pia, na sitakuficha.

Ulimlilia Mungu amhukumu shemegi yako, na katika hilo hukukosea, kwani Zaburi zimejaa vilio vya namna hiyo. Ulipokosea ni pale ulipokiona kiharusi ukasema moyoni kwamba hukumu ndiyo hiyo imeshatoka. Nani aliyekusomea? Bwana Yesu alipotaja wale watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, aliwauliza waliomzunguka kama walidhani kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu, kisha akajibu mwenyewe kwamba sivyo, akawageuzia wao neno la toba. Kiharusi huletwa mara nyingi na shinikizo la damu, nalo halichagui kati ya mdhulumu na mzee wa kanisa. Nimewazika wa aina zote mbili. Paulo katika Warumi 12 anasema kisasi ni cha Bwana, na aya inayofuata mara moja inasema adui yako akiwa na njaa, mlishe. Kumwachia Mungu hukumu ni kumwachia yote, pamoja na siku yake na namna yake, na kwa muda huo wewe umebakiwa na kazi ya sahani tu.

Furaha uliyoihisi mlangoni isikufanye ujione umekwisha kupotea. Nabii Yona aliketi upande wa mashariki wa Ninawi akingoja aone mji utakuwaje, na Mungu alipousamehe alikasirika hata akatamani kufa. Mungu hakumpiga kwa hasira hiyo. Aliongea naye, akamwonyesha watu zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua mkono wa kuume na wa kushoto, na kitabu kikaisha bila ya kutuambia Yona alijibu nini. Nawe umeulizwa swali hilohilo, na tayari jirani Mwislamu amekutangulia kulijibu kwa kijiko cha uji, kama yule Msamaria alivyowatangulia kuhani na Mlawi waliopita kando.

Sasa kuhusu deni. Katika Mathayo 18 yumo mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000, kisha akamkaba koo mwenziwe kwa dinari 100. Wahubiri wetu hupenda kusema kwamba dinari 100 si kitu. Si kweli. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima, kwa hiyo mia ni jasho la zaidi ya miezi mitatu, na Bwana Yesu hakusema kwamba mtu huyo hakudai haki yake. Alichomlaumu ni kwamba alikuwa amesamehewa kwanza, tena deni ambalo vizazi vyake vyote visingelimaliza, na bado akatoka nje akiwa na mikono ya kukaba. Angalia mpangilio wake: msamaha wa bwana ulitangulia. Humpelekei shemegi yako chakula ili uinunue huruma ya Mungu. Lakini ikiwa kwa leo huna msukumo mwingine ila hofu, nenda na hofu yako hivyo hivyo, maana mgonjwa hatouliza uji umepikwa kwa nia gani.

Haki ya wanao haijaisha. Uliyotendewa wewe, ile fedheha na machozi, ni yako na unaweza kuyasamehe. Fungu la watoto katika mali ya baba yao si lako, na huna ruhusa ya kuligawa kwa jina la rehema. Sisi wa Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana hapa Zanzibar, tunasali juu ya uwanja uliokuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba uliotiwa saini na Sultan Barghash, na hakuna Mkristo aliyependekeza liachwe liendelee ili wenye soko wahurumiwe. Mirathi ya Mkristo hapa Zanzibar haipelekwi Mahakama ya Kadhi, ambayo ni ya Waislamu. Inapelekwa mahakama za kawaida, ambako huteuliwa msimamizi. Anza kwa sheha wako, ukiwa na cheti cha kifo, cha ndoa na vya kuzaliwa vya watoto, kisha uende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar wakuongoze. Huenda mashine zisirudi. Mkubwa wako arudi skuli, kwa hizo au bila hizo.

Ukienda kwa mgonjwa, pika kitu laini, na muulize mke wake kama anameza vizuri, kwa kuwa wenye kiharusi hupaliwa upesi. Usimdai toba siku hiyo. Luka 17 inasema ndugu yako akikosa umwonye, na akitubu umsamehe, na kuonya huko kuna wakati wake. Ulimi wake ukifunguka, mwambie wazi alichowafanyia wanao.

Kisha mwendee padri wako, umweleze ulichohisi mlangoni kama ulivyonieleza mimi, ili urudi kwenye Meza ya Bwana. Mjulishe pia habari ya mirathi, asije akasikia mitaani kwamba asubuhi unamshitaki mgonjwa na mchana unampelekea chakula. Na wengine wakikuuliza, waambie ndivyo ilivyo.